Lahaja na lafudhi kwenye vitabu vya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nasoma riwaya za Kiingereza na watu wa kila aina, wanafunzi wa kidato cha sita, walimu, na watu wazima wanaosoma kwa raha zao tu, na kila tukifika kwa mhusika anayeongea kwa lahaja maswali yanayotoka ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Anza popote unapotaka, pale jibu linapotegemea jingine nimekuelekeza.

## Tuanze na msingi

Lafudhi na lahaja si kitu kimoja?

Hapana, ingawa watu wanavichanganya sana. Lafudhi ni sauti tu, namna maneno yanavyotoka mdomoni. Mtu anaweza kuongea Kiswahili sanifu kabisa, sarufi imenyooka, ila akitaka kusema "kalamu" inatoka "karamu", hiyo ni lafudhi ya lugha ya kwao. Lahaja ni kubwa zaidi, ina maneno yake na sarufi yake. Mtu wa Mombasa akisema "ndia" badala ya "njia" na "mato" badala ya "macho" hajakosea kutamka, anaongea Kimvita, na Kimvita kilikuwa na washairi wake, kina Muyaka, zamani sana kabla Kiunguja hakijachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Mtu wa Edinburgh anaweza kusoma taarifa ya habari kwa Kiingereza sanifu chenye lafudhi ya Scotland, jioni akarudi kwao akaongea Kiskoti chenye maneno ambayo mtu wa London hayajui. Kwa mwandishi tofauti hii ni kubwa, maana lahaja anaweza kuionyesha kwa maneno na mpangilio wa sentensi, lakini lafudhi hana pa kuishika isipokuwa achezee tahajia, na hapo ndo shida zote zinapoanzia.

Kwani si aandike tu vile mtu anavyotamka?

Sisi tumezoea hivyo. Ukiandika "ntakuja" au "nshakula" kila mtu anasikia sauti yako kabisa, kwa sababu herufi ya Kiswahili haibadiliki, "a" ni "a" asubuhi mpaka jioni. Kiingereza hakina hiyo. Angalia "cough", "though", "through" na "enough", mwisho wa maneno yote manne umeandikwa vile vile na kila moja lina sauti yake. Sauti za Kiingereza cha Uingereza ni kama 44, herufi ni 26, kwa hiyo mwandishi anakopakopa.

Alafu kuna tatizo la pili ambalo wengi hawalioni: msomaji anasoma tahajia kwa lafudhi YAKE. Mfano ninaoupenda ni yule punda wa vitabu vya Winnie-the-Pooh vya A. A. Milne (cha kwanza kilitoka 1926), anaitwa Eeyore. Watu wengi wanalisoma kama jina tu, na sisi tunalisoma na "r" mwishoni. Ila mtu wa London hatamki "r" ya mwisho, kwa hiyo akilisoma kwa sauti linatoka kama mlio wa punda kabisa, "ii-ooo". Jina lote ni mlio, na mlio huo hausikiki kama huna lafudhi ya Milne.

Hiyo hiyo ndo sababu kwenye vitabu vya Uingereza mtu akisitasita anaandikiwa "er". Hakuna "r" pale. Ni ile "aaa" ya mtu anayetafuta neno.

"Wuz", "sez", "enuff": mbona ukizisoma zinatoka sawa na za kawaida?

Kwa sababu ziko sawa. "Wuz" ndo namna watu wengi tu wanavyotamka "was", wenye digrii na wasio nayo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, George Philip Krapp, mwaka 1925 aliupa mchezo huu jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema lahaja ya macho, yaani sikio halisikii tofauti yoyote, ni jicho tu linaloona kosa.

Sasa jiulize kwa nini mwandishi ahangaike. Anachokuambia ni kwamba huyu mtu hajasoma, angeandika yeye mwenyewe angekosea hivi. Hajakuonyesha anavyoongea, amekuonyesha anavyomdharau, wakati mwingine bila hata kujua. Ukishaijua hii utaiona kila mahali na hutasoma tena vitabu fulani kwa amani.

Na "gonna", "dunno", "wanna"?

Hizo ni za haraka za mazungumzo, karibu kila mzungumzaji anazo. Hazikuambii mtu katoka wapi, zinakuambia tu hajakaa rasmi.

Zile alama za juu, kwenye "goin'" na "'ouse", ni za nini?

Ni ritifaa, zinaonyesha kuna herufi imemezwa. Zinasaidia kusoma ila zina sumu yake: kila ritifaa inasema "hapa palitakiwa kuwa na kitu na hakipo". Waskoti waliligundua hili vizuri. Washairi wao wa karne ya 18, Robert Burns akiwemo, waliandika "wi'" na "a'" zikiwa na ritifaa ili zionekane kama Kiingereza kilichokatika, wakati kwa Kiskoti hayo ni maneno kamili ambayo hayajapungukiwa na kitu. Mwaka 1947 washairi wa Scotland walikutana Edinburgh wakakubaliana mwongozo wa tahajia, na mojawapo ya mambo waliyoyapendekeza ni kuziondoa hizo ritifaa za kuomba radhi.

## Ilikotokea

Nani alianza kuandika wahusika wenye lahaja?

Wa kwanza ambaye tunaweza kusema aliifanya kwa makusudi na kwa ufundi ni Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, kwenye ile hadithi ya msimamizi wa shamba ndani ya Canterbury Tales. Wanafunzi wawili wa Cambridge, John na Aleyn, wametoka mbali kaskazini, na wanapeleka nafaka kwa msagaji mwizi pale Trumpington. Wanasema "ham" pale ambapo mtu wa London wa wakati ule angesema "hoom", na "banes" badala ya "bones". Ile irabu ndefu ya zamani kusini iligeuka kuwa "o", kaskazini ikabaki "a", na Chaucer aliisikia. J. R. R. Tolkien, ambaye wengi mnamjua kwa riwaya zake lakini kazi yake hasa ilikuwa taaluma ya lugha, alichapisha makala ndefu kuhusu lahaja hii mwaka 1934.

Kinachonivutia mimi ni kwamba hao wenye lahaja ndo wasomi, na mwisho wanamshinda msagaji. Lahaja haikuwa bado alama ya ujinga.

Ilikuja kuwa alama ya ujinga lini sasa?

Polepole, baada ya uchapaji. Wakati wa Chaucer hapakuwa na Kiingereza sanifu, kila mtu aliandika cha kwao. William Caxton alifungua mtambo wake wa kuchapa Westminster mwaka 1476, na mwaka 1490 akaandika kisa ambacho mimi naona kinastahili kusomwa na kila mtu anayefanya kazi ya lugha. Wafanyabiashara wamekwama pwani ya Kent kwa kukosa upepo, mmoja anaenda kwa mama mmoja kuomba "egges", mayai. Mama anamjibu hajui Kifaransa. Mfanyabiashara anakasirika maana naye Kifaransa hakijui! Mpaka mwingine akasema anataka "eyren", hapo mama akaelewa. Caxton anauliza, sasa mtu wa siku hizi aandike lipi?

Wachapaji wakachagua, na walichagua Kiingereza cha London na mahakama zake. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ikakaza zaidi. Kuanzia hapo kukawa na njia moja "sahihi" na kila kitu kingine kikawa kando yake, na mwandishi akitaka kumwandika mtu wa kijijini inabidi aiharibu tahajia ndo msomaji aone. Hatukuwa tofauti sana huku: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja, Kimvita na Kiamu havikufa ila kwenye vitabu vya shule vikawa "lahaja".

Shakespeare je?

Anazo chache, na nyingi ni za jukwaani zaidi kuliko za mtaani. Kwenye Henry V ya 1599 kuna makapteni wa Wales, Ireland na Scotland kwenye jeshi moja, kila mmoja na alama zake: Fluellen wa Wales anatamka "b" kama "p" na anarudiarudia "look you". Kwenye King Lear, Edgar ni mtoto wa bwana mkubwa anayejificha, na akitaka kujifanya mkulima anageuza "s" kuwa "z" na "f" kuwa "v", "zir" badala ya "sir". Hiyo ilikuwa lahaja ya mkulima yeyote wa jukwaani, ukiisikia tu unajua huyu ni wa shamba. Inatokana na Kiingereza cha kusini magharibi lakini ilishakuwa kama vazi, unalivaa na kulivua.

## Karne ya 19, ambako maswali ni mengi

Joseph wa Wuthering Heights anasema nini?!

Hili naulizwa kuliko yote. Nakala niliyoisoma mara ya kwanza ilikuwa ya kuazima, haina maelezo nyuma, na nilipofika kwa Joseph nilidhani wamekosea kuchapa.

Joseph ni mtumishi mzee kwenye riwaya hiyo ya Emily Brontë. Tuchukue sehemu ya mapema, sura ya pili. Mgeni amefika kwenye theluji, anagonga mlango, Joseph anamjibu kwamba kuna "nobbut t' missis", na kwamba "shoo" hafungui hata apige "flaysome dins" zake mpaka "neeght". Tulia nayo. "Nobbut" ni "nothing but" imebanwa, yaani hakuna ila. Ile "t'" iliyokaa peke yake ni "the", watu wa Yorkshire wanaimeza inabaki kama kukatika kwa pumzi. "Shoo" ni "she". "Flaysome" ni ya kutisha, neno la kaskazini lenye asili ya zamani. "Neeght" ni "night". Kwa Kiswahili anasema: hayupo mtu ila mama mwenye nyumba, na hafungui hata upige makelele yako ya kutisha mpaka usiku. Mjeuri, na yuko wazi kabisa.

Emily Brontë alikulia Haworth, Yorkshire, na alichoandika ni kazi ya mtu aliyesikiliza jikoni na barazani miaka na miaka. Hajamfanya Joseph mtu wa kuchekesha. Ugumu wa maneno yake unafanana na mlango ule usiofunguka, na mgeni wa kusini anasimama nje ya vyote viwili, mlango na lugha, na wewe msomaji umesimama naye hapo hapo kwenye baridi.

Mbona kitabu changu na cha mwenzangu Joseph anaongea tofauti?

Kwa sababu kuna matoleo mawili. La kwanza ni la 1847. Emily alikufa Desemba 1848, na dada yake Charlotte alipohariri toleo la 1850 alilainisha tahajia ya Joseph, akieleza kwamba kwa sikio la Yorkshire ilikuwa sahihi kabisa ila watu wa kusini hawataielewa. Namwelewa, alitaka dada yake asomwe. Ila naona alikosea, na matoleo ya kisasa ya kitaaluma kwa kawaida yanarudi kwenye 1847. Angalia ukurasa wa mbele au utangulizi, mara nyingi wanasema wametumia lipi.

Kwa nini Oliver Twist anaongea vizuri wakati kalelewa nyumba ya masikini?

Swali zuri sana na kila mwaka kuna mtu analiona mwenyewe. Kwenye riwaya hiyo ya Charles Dickens mtoto kazaliwa kwenye nyumba ya masikini, kalelewa na watu wakali wasiojali, hajawahi kusikia Kiingereza cha wenye nacho, na anaongea kama katoka sebule yenye piano. Dodger, yule kijana mwizi wa mifukoni wa London, anaongea kimtaa kweli kweli.

Dickens alijua watu wanavyoongea, alishakuwa ripota. Lakini kwenye riwaya za wakati ule lugha ilibeba maadili: mtu mwema, hasa shujaa, alipewa Kiingereza sanifu hata kama haiingii akilini, kwa sababu ilihofiwa wasomaji hawatamheshimu. Lizzie Hexam wa Our Mutual Friend ni hivyo hivyo, binti wa mtu anayeopoa maiti mto Thames na sentensi zake zimenyooka. Kwa hiyo ukisoma riwaya ya karne ile usiulize tu lahaja ni ipi, uliza nani kapewa na nani kanyimwa. Mimi hili ndo nalishikilia kuliko mengine yote humu.

Aliyeenda kinyume ni Walter Scott, tena mapema zaidi. The Heart of Midlothian ya 1818 shujaa wake ni Jeanie Deans, msichana wa kawaida wa Scotland anayetembea mpaka London kumwombea dada yake asinyongwe, na anaongea Kiskoti mbele ya malkia, na ndiye mtu mwenye akili na msimamo kuliko wote kitabuni. Ila hata Scott, Jeanie akifika kwenye kilele cha maombi yake, Kiskoti kinapungua na Kiingereza kinaongezeka. Ile hofu ilimfikia hata yeye.

Sam Weller kubadilisha V na W ni uongo wa Dickens?

Si uongo, ila ulishaanza kuzeeka. Mwaka 1791 John Walker kwenye kamusi yake ya matamshi aliwalalamikia watu wa London kwa kosa hilo hilo. The Pickwick Papers ilitoka 1836 na 1837, na Sam anasema "wery" badala ya "very". Baadaye kwenye karne hiyo mtindo ukapotea mitaani lakini ukabaki kwenye vitabu, waandishi wakawa wanaigana wao kwa wao bila kwenda kusikiliza. Lahaja ya kitabuni inaweza kuishi hata watu waliokuwa wanaiongea wakiwa wameshakufa.

Wengine walifanyaje ili msomaji aelewe?

Maria Edgeworth kwenye Castle Rackrent ya 1800 aliweka faharasa ya maneno ya Kiayalandi. Elizabeth Gaskell kwenye Mary Barton ya 1848 aliweka tanbihi, zikiandaliwa na mume wake William, na toleo la 1854 likaongezewa mihadhara yake miwili kuhusu lahaja ya Lancashire. Lengo la William lilikuwa kuonyesha kwamba maneno ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba ni Kiingereza cha kale chenye heshima, na si Kiingereza kilichooza. George Eliot alipunguza tu: alisema alitamani kuwa karibu kabisa na lahaja ila wajibu wa kueleweka ulimzuia kila mara.

Kuna mhusika anayebadilisha kama sisi tunavyobadilisha?

Wapo, na msomaji wa Afrika Mashariki anawaelewa haraka kuliko Mwingereza wa tabaka moja, maana sisi tunaishi hivyo, lugha ya nyumbani, Kiswahili cha ofisini, Kiingereza cha usaili. Thomas Hardy anatuambia wazi kwamba Tess (1891) anaongea lugha mbili, lahaja nyumbani na Kiingereza cha kawaida kwa wakubwa, sababu alisomeshwa na mwalimu aliyepata mafunzo London. Mama yake anayo moja tu. Mama na binti wako chumba kimoja na kati yao kuna shule nzima.

Kwa D. H. Lawrence inaenda mbali zaidi. Mellors, yule mlinzi wa msitu wa tajiri kwenye Lady Chatterley's Lover (1928), Kiingereza sanifu anakijua, alishakuwa afisa jeshini. Lahaja anaichagua. Akikasirika na wakubwa anaitumia kama ukuta, akiwa na mpenzi wake anaitumia kwa upole. Maneno yale yale, "tha" na "thee", kazi mbili. Na hiyo "thee" si ya Biblia, kaskazini na katikati ya Uingereza watu walikuwa bado wanaitana hivyo kila siku.

## Mbinu

Mwandishi bora ni yule anayeandika kila sauti?

Hapana, na ushahidi mzuri ni George Bernard Shaw, ambaye fonetiki ilikuwa ugonjwa wake. Kwenye Pygmalion (ilionyeshwa mara ya kwanza 1913) anaanza kumwandikia Eliza, muuza maua, kila sauti ya mitaa ya London. Baada ya mistari michache tu anasimama, anaomba radhi ndani ya maandishi yenyewe, na kusema jaribio hili linaachwa kwa sababu nje ya London halieleweki. Kuanzia hapo anatupa dokezo tu na kumwachia mwigizaji.

Alama chache zinatosha. Sikio la msomaji likishashika mdundo linajijazia lenyewe.

Kuna njia ya kuonyesha lahaja bila kuharibu tahajia hata kidogo?

Ipo na mimi ndo naipenda kuliko zote: sarufi. Chukua Kiingereza cha Ireland. Mtu akisema "I'm after eating" usidhani anatafuta chakula, anamaanisha nimetoka kula sasa hivi. Chini ya sentensi hiyo kuna Kigaeli, muundo wake umehamia kwenye maneno ya Kiingereza. J. M. Synge alienda visiwa vya Aran kuanzia 1898 akasikiliza, na The Playboy of the Western World ya 1907 imeandikwa karibu yote kwa tahajia ya kawaida. Hakuna ritifaa za kumdhalilisha mtu, ila huwezi kudhani hawa ni watu wa London. Mpangilio wa maneno ndo umebeba nchi nzima.

Alama za kunukuu zinahusika vipi?

Zinahusika sana. Riwaya nyingi msimulizi anaongea sanifu nje, na mwenye lahaja kafungiwa ndani ya alama za kunukuu, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi kisha akaambiwa akae. Sam Selvon wa Trinidad alipoanza kuandika kuhusu Wakaribi waliohamia London alijaribu Kiingereza sanifu kikagoma, akaja kumpa hata msimulizi lugha ya Wakaribi, na The Lonely Londoners (1956) ikapumua. James Kelman wa Glasgow aliondoa kabisa alama za kunukuu, mhusika na msimulizi wakawa kwenye lugha moja. Riwaya yake How Late It Was, How Late ilipata tuzo ya Booker 1994, mmoja wa majaji akaipinga hadharani, na Kelman akasimama akasema utamaduni wake na lugha yake vina haki ya kuwepo.

Hakuwa wa kwanza kumpa msimulizi lugha ya kwao, yule Thady wa Castle Rackrent niliyeitaja juu anasimulia mwenyewe tangu 1800, ila Thady alizungukwa na utangulizi na faharasa za mhariri. Kelman hakuweka mlinzi.

## Marekani na Afrika

Ni kweli Huckleberry Finn ina lahaja saba?

Mark Twain mwenyewe ndo alisema, kwenye maelezo mafupi mwanzoni mwa kitabu (Uingereza kilitoka 1884, Marekani 1885): ya Weusi wa Missouri, ya porini kusini magharibi, ya Pike County ya kawaida, na aina nne za hiyo ya mwisho. Anasema hakubahatisha. Na kumbuka Huck ndiye msimulizi, angalia jibu la alama za kunukuu.

Kwa nini lahaja ya Waamerika Weusi vitabuni inazua ugomvi?

Kwa sababu kwa miaka mingi iliandikwa na wengine kwa ajili ya kuchekesha, imejaa lahaja ya macho niliyoieleza juu. Mshairi Paul Laurence Dunbar, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliandika kwa Kiingereza sanifu na kwa lahaja, wakosoaji Weupe wakazisifia za lahaja, na jambo hilo lilimuumiza mpaka akaliandikia shairi.

Zora Neale Hurston alikulia Eatonville, Florida, mji wa Weusi wenyewe, alisomea anthropolojia na alikusanya simulizi za watu wa kwao kwa miaka. Their Eyes Were Watching God (1937) ilipotoka, mwandishi mwenzake Mweusi, Richard Wright, aliishambulia kwamba inawafurahisha Weupe kwa mtindo ule ule wa zamani. Naiheshimu hofu ya Wright, alijua ilikotoka. Ila soma mazungumzo ya barazani kwenye kitabu kile, watu wanashindana kwa maneno, wanatungiana, wanatupiana mafumbo, na hakuna mgeni anayechekeshwa pale. Wanaongea wao kwa wao. Mimi nasimama na Hurston.

Kiingereza cha waandishi wa Afrika nacho ni lahaja?

Inategemea mhusika anaongea lugha gani ndani ya hadithi. Ken Saro-Wiwa kwenye Sozaboy (1985) askari kijana anasimulia kwa mchanganyiko wa pijini ya Nigeria na Kiingereza kilichovunjika, na mwandishi mwenyewe aliuita Kiingereza kibovu kwenye jalada. Hapo lugha ya kitabu ndo lugha ya mtu.

Kwa Chinua Achebe kwenye Things Fall Apart (1958) ni tofauti, watu wanaongea Kiigbo na sisi tunasoma Kiingereza. Kuwapa Kiingereza cha kukatikakatika kungekuwa uongo, maana kwenye Kiigbo chao hawakatiki. Na angalia anavyoonyesha lahaja humo humo: mmisionari anakuja Mbanta na mkalimani Mwigbo wa sehemu nyingine, na kila akitaka kusema "mimi mwenyewe" inatoka "matako yangu". Hakuna herufi hata moja iliyoharibiwa na tumeisikia lahaja, tumeona watu wanavyocheka, na tumejua ujumbe umefikaje.

## Maswali ya wanaosoma na wanaoandika

Kwenye mtihani niandike nini?

Usiishie kwenye "mwandishi ametumia lahaja kuonyesha uhalisia". Taja umbo lenyewe, nani anaongea hivyo, nani wa familia ile ile haongei hivyo, na lugha yake inabadilika wapi. Mahali inapobadilika ndo penye jibu.

Nikishindwa kabisa kuelewa ukurasa?

Usome kwa sauti. Kweli, ukiwa peke yako chumbani, ukimezea ile "t'" na kuziacha "h". Tahajia ya ajabu inakuwa neno unalolijua mara mdomo ukishalipitia. Vitabu vya zamani vimerekodiwa bure na watu wa kujitolea pale LibriVox, ila msikilize kwanza msomaji, kama si mtu wa huko lahaja hutaipata.

Nataka kuandika mhusika wa lahaja ambayo si yangu, nifanyeje?

Kasikilize kwanza, na usikilize sentensi kabla ya sauti: wanaulizaje, wanakataaje, wanaitanaje. Chagua alama tatu nne uzishike mpaka mwisho. Usimpe lahaja mtu mmoja tu huku majirani zake wote wanaongea kama kamusi, unakuwa umemtenga. Na kabla hujachapisha mpe mtu wa huko asome, ukimwona amekunja uso usimbishie.

Joseph nikimtafsiri kwa Kiswahili nimpe Kipemba?

Mimi nisingempa. Ukimpa Kipemba umempeleka Pemba, msomaji anaanza kunusa karafuu na kitabu kiko kwenye theluji ya Yorkshire. Alafu Wapemba nao watauliza kwa nini mzee mkali asiyependeka amepewa lugha yao, na watakuwa na haki. Kiswahili sanifu kilichonyooka nacho kinamuua, anakuwa mtumishi yeyote. Ningejaribu katikati: sentensi fupi zilizokatwa, methali na maneno ya kizamani yasiyo na mji, vitisho vya kidini maana Joseph anavyo vingi, na kugoma kusalimia. Pale mlangoni ningemwandikia "Hakuna mtu. Yupo mama tu, na yeye hafungui, hata ubishe mpaka kiza kikukute papo hapo." Bado naichezea hiyo "papo hapo".